Kamati ikivunjwa, mkataba wa picha anao nani?

Mwaka juzi nilikuwa kwenye kamati ya harusi ya binti wa dada yangu, hapa Dar es Salaam. Suala la ukumbi lilichukua vikao vitatu, la vinywaji viwili. Suala la mpiga picha lilichukua dakika kumi tu. Mjumbe mmoja alimfahamu kijana fulani, bei ikatajwa, mhazini akatuma advansi kwa simu, tukahamia kwenye keki.

Bibi yake binti, mzaa baba, alitoka Lushoto kuja kumshuhudia mjukuu. Sherehe ikachelewa, kama zinavyochelewa nyingi. Saa nne usiku mpiga picha akafunga vifaa vyake, akasema muda aliolipwa umekwisha. Saa nne na nusu bibi akaitwa mbele kutoa zawadi na kumbariki mjukuu wake.

Miezi mitano baadaye bibi alifariki. Tulitafuta picha ya wawili hao siku ile, tukapata za simu tu, zenye giza. Tulipomlalamikia kijana, alituuliza: "Mkataba unasemaje?" Mhazini alikuwa na karatasi moja iliyoandikwa "picha na video" na kiasi cha fedha. Kamati nayo ilishavunjwa siku nyingi.

Mzazi mwenzangu, kwa sheria ya mikataba ya Tanzania hata makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba. Tatizo ni kuyathibitisha mnapogombana. Kwa hiyo andikeni. Kama mpiga picha hana fomu, mtumieni makubaliano yote kwa WhatsApp, naye ajibu kwamba amekubali. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hiyo kutumika kama ushahidi. Kabla hamjatuma advansi, angalieni haya.

Mkataba ni wa nani? Fedha zinatoka kwenye kamati, lakini kamati haina maisha marefu. Jina la bibi au bwana harusi liwemo kwenye mkataba, na maharusi wabaki na nakala pamoja na risiti zote. Mwenyekiti na mhazini wasiwe watu pekee wanaojua kilichokubaliwa.

Nani atapiga picha? Mnaweza kuonyeshwa kazi nzuri ya mtu mmoja, siku ya harusi akaja mwanafunzi wake. Jina la atakayekuja liandikwe, na idadi ya wasaidizi wake. Iandikwe pia kwamba akiugua atamleta nani, au atarudisha fedha kiasi gani.

Anaanza wapi, anaishia wapi? "Siku nzima" haitoshi. Andikeni kama anaanzia saluni, nyumbani au kanisani, na kama anaishia kwenye keki au baada ya zawadi. Bei ya saa ya ziada ijulikane mapema, na atajwe mtu mmoja mwenye ruhusa ya kuikubali usiku ule. Sisi tungekuwa na mtu huyo, bibi angepigwa picha.

Mtapokea nini, na lini? Idadi ya picha zilizosafishwa, ukubwa wa albamu na kurasa zake, urefu wa video, na tarehe ya kukabidhi. Kama mnataka pia picha zote ambazo hazijasafishwa, semeni sasa. Kama kuna droni, muulizeni kuhusu kibali, maana urushaji wake unasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Malipo yanakwendaje? Msimalize fedha yote kabla ya kazi. Gaweni: advansi ya kushika tarehe, sehemu ya pili siku ya harusi, na kiasi cha mwisho mkishapokea albamu na flashi. Kisha ulizeni swali ambalo hatupendi kuliuliza: ukitokea msiba na harusi ikasogezwa, advansi itahamia tarehe mpya au imepotea?

Picha zitatunzwa wapi? Kadi ya kamera huharibika, kompyuta huibiwa. Mpiga picha aahidi kuweka nakala sehemu mbili na ataje atazihifadhi kwa muda gani. Mkikabidhiwa, fungueni flashi palepale mhakikishe zimo, kisha nanyi mtoe nakala yenu.

Nani ataziona? Wapiga picha wengi hutangaza kazi zao mtandaoni. Kwenye singo au kicheni pati wanawake hukaa kwa uhuru wao, wengine bila hijabu, wakijua wako peke yao. Andikeni kwamba shughuli hiyo itapigwa na mwanamke, na kwamba hakuna picha itakayowekwa popote bila ruhusa. Picha za watoto vilevile. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini ni rahisi zaidi kuzuia picha isitoke kuliko kuifuata ikishasambaa. Na msidhani kwamba kulipia picha kunawapa haki zote juu yake. Andikeni nani anaruhusiwa kuzitumia, na kwa kazi gani.

Jambo la mwisho halihitaji mwanasheria. Kaeni na maharusi mwandike majina ya watu ambao lazima wapigwe picha nao: babu, bibi, mjomba aliyemsomesha, mama mdogo aliyemlea. Karatasi hiyo iambatanishwe na mkataba. Kisha kila upande uteue kijana mmoja anayewajua wazee wake, asimame karibu na mpiga picha amwonyeshe. Yeye ni mgeni, hawezi kujua kwamba kikongwe aliyekaa meza ya nyuma ndiye chanzo cha ukoo mzima. Wazee wapigwe mapema, kabla hawajachoka na kabla saa hazijaisha.

Binti yetu sasa ana mtoto wa kike aliyepewa jina la bibi. Sebuleni ametundika ile picha ya simu, yenye giza. Ukiisogelea unaona mkono wa bibi juu ya shela, uso hauonekani vizuri. Kwenye kamati niliyomo sasa, mpiga picha ndiye ajenda ya kwanza.