Saa ya ujumbe: ugomvi mdogo wenye uzito mkubwa

Ujumbe ukitumwa kutoka Goma saa mbili asubuhi, simu ya anayeupokea Kinshasa huonyesha saa moja. Si kosa: mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo iko saa moja mbele ya magharibi. Lakini picha ya ujumbe huo ikisambazwa kama ushahidi, saa hiyo moja inatosha kuzua ubishi. Nyuma yake kuna mvutano wa muda mrefu kati ya watengenezaji wa programu za mazungumzo: nani aandike saa ya ujumbe, na kwa namna gani?

IRC, iliyoundwa nchini Finland mwaka wa 1988 na Jarkko Oikarinen, ni mfano mzuri. Kanuni zake zilizochapishwa mwaka wa 1993 hazikuweka saa ndani ya ujumbe. Programu ya mpokeaji iliandika tu saa ambayo ujumbe ulifika. Aliyekatikiwa na mtandao, kisha akaletewa maneno yaliyohifadhiwa, angeweza kuona ya jana kana kwamba yamesemwa sasa hivi.

Kundi la IRCv3 lilileta nyongeza: seva huambatanisha saa ya kimataifa, UTC, na ujumbe, kisha kifaa cha msomaji huigeuza kuwa saa ya mahali alipo.

Wenye mashaka wanasema IRC imedumu kwa sababu ni nyepesi, na kila nyongeza huwapa kazi wenye programu za zamani. Wanaoiunga mkono wanajibu kwamba hupewa tu programu iliyoiomba. Nyingine zinaendelea kama kawaida.

Kwa XMPP, shida ilikuwa maandishi yenyewe. Namna ya kwanza ya kuandika saa ya ujumbe uliochelewa haikuwa na alama ya kuonyesha kuwa ni UTC. Namna mpya iliongeza herufi Z mwishoni, lakini programu nyingi zililazimika kuelewa zote mbili.

Saa ya seva ina faida: haitegemei simu ambayo mwenyewe anaweza kuibadilisha. Hata hivyo, anayemiliki seva ndiye anayeaminiwa. Kwa hiyo, kabla ya kumhukumu mtu kwa picha ya ujumbe, ni vema kuuliza kwanza: saa hii ni ya wapi, na nani aliiandika?