Ahamaye Apewe na Jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hii kumkemea mgeni mvivu, wakasahau kwamba yamwamrisha mwenyeji pia: jembe sharti litolewe. Neno hili yafaa tulikumbuke kila tuitazamapo Handeni.

Tangu Juni 2022 familia kutoka Ngorongoro zimehamishiwa katika kijiji cha Msomera, wilayani Handeni. Serikali ilijenga nyumba za vyumba vitatu, kila moja katika kiwanja cha ekari mbili na nusu, ikaongeza shamba la ekari tano pamoja na fidia. Hilo si jambo dogo, wala hatulibezi. Lakini nyumba hailiwi. Baina ya siku ya kushuka katika lori na siku ya kuvuna mahindi ya kwanza ipo miezi mingi, na mfugaji asiye na akiba huivuka kwa kuuza mifugo yake kwa bei ya kutupa.

Katika Korogwe jirani, wazee wangali wakisimulia habari za manamba walioletwa kutoka Kigoma na Songea kukata mkonge. Mwenye shamba aliwanyonya, hapana shaka. Hata hivyo alijua kwamba mtu aliyetolewa mbali hafanyi kazi bila usafiri, kibanda na posho. Ikiwa bepari aliyajua hayo kwa ajili ya faida yake, sisi tunaohubiri utu yatupasa kuyajua zaidi.

Ndugu zetu wa Visiwani nao wana ushahidi wao. Baada ya Mapinduzi ya 1964, majumba ya Kikwajuni na Michenzani yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, na waliovunjiwa nyumba zao Ng'ambo wakapewa makao humo. Lakini mtu yule alipopanda ghorofani, soko lake, msikiti wake na kazi yake vilibaki karibu. Aliyehamia Msomera ameacha malisho, soko na jamaa kwa pamoja.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, fedha za kujikimu hadi mavuno ya kwanza zilipwe siku ile ile ya kuwasili, si baada ya safari nyingi za ofisini. Pili, mgao uhesabu mama na watoto, maana nyumba moja haitoshi boma la wake watatu. Tatu, wenyeji waliokuwapo Msomera kabla ya wageni wasikilizwe madai yao ya ardhi, na wanaostahili walipwe. Orodha za malipo zibandikwe katika ofisi ya kijiji, kila mwananchi azisome.

Na hiari iwe hiari. Msaada unaotanguliwa na kupunguzwa kwa shule na zahanati kule mtu atokako hugeuka kuwa fimbo. Mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume mbili kuhusu Ngorongoro, moja ya kuchunguza mgogoro wa ardhi na nyingine kutathmini zoezi la kuhama. Kuuliza huko kwaonyesha kwamba yapo ya kusahihishwa.

Viongozi wenzangu, tusihesabu nyumba tulizokabidhi peke yake. Tuhesabu pia majiko yanayowaka ndani yake mwezi wa sita.