WAPIGAJI MUZIKI HAWALI MAKOFI

Wapigaji muziki hawali makofi. Neno hili tunawaambia ndugu zetu wa Njombe na Makambako, wanaopenda dansi lakini hawajakaa wakalipigia hesabu.

Makambako ni njia panda. Hapo barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya huachana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni hapo. Bendi yo yote iendayo kusini kwa barabara hiyo hupita mlangoni petu. Mbona basi nyingi hupita tu, hazishuki?

Tuhesabu. Tuseme kiingilio ni shilingi 5,000 na watu 200 wameingia: hizo ni shilingi 1,000,000. Humo mwandalizi, asiye na chama wala benki nyuma yake, atoe kodi ya ukumbi, kibali, matangazo, na mafuta ya gari lililotoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600. Watu 12 wale na walale, maana baridi ya Njombe haina mchezo. Mwishowe hubaki sifa. Lakini mwenye baa ameuza bia usiku kucha, na faida yake hagawani na mtu. Mvua ikinyesha, au viazi vikikosa bei, hasara ni ya mwandalizi peke yake.

Zamani mzigo huu ulibebwa na wengi. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Wapigaji walipata mshahara. Mlimani Park nayo, mwaka 1983, ilichukuliwa na shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC.

Hatusemi enzi hizo zirudi. Tunataka mambo matatu. Kwanza, waandalizi wa Iringa, Makambako, Njombe na Songea wapatane tarehe, ili gharama ya safari moja ibebwe na madansi manne. Pili, mwenye baa atoe fungu la mauzo ya usiku ule, au asitoze kodi ya ukumbi. Tatu, mapatano yaandikwe, na bendi ipewe malipo ya kwanza kabla gari halijawashwa.

Nawe msomaji, usimame mlangoni ukidai kuwa mpiga gitaa ni ndugu yako? Kama ni ndugu yako, lipa. Kula jasho la ndugu ni unyonyaji, hata ukila kwa kucheza.