Hariri na Mtungi wa Ikombe

Wako wenzetu wanaodai kwamba hariri haina nafasi katika utamaduni wa Taifa hili. Wanasema ni vazi la masultani, lililoletwa na majahazi, na kwamba mshairi anayeitaja anaazima sifa za wageni. Sisi tuliokwisha kuitaja mara nyingi katika beti zetu hatukubaliani nao.

Hariri ya majahazi ilitokana na nondo wa mforsadi. Lakini Afrika ina nondo wake. Viwavi wa jamii ya Anaphe hula majani ya Bridelia micrantha, mti upendao kingo za mito. Wakishakua hukusanyika na kusokota mfuko mmoja mkubwa wa rangi ya udongo, na ndani yake kila mmoja hujifumia kifukofuko chake. (Ujamaa huo hawakufundishwa na mtu.) Nyuzi zao hazivutiki kwa urefu kama za mforsadi, huchemshwa kwa magadi hata gundi itoke, kisha zikasokotwa kama pamba. Wayoruba wa Nijeria wamefuma hivyo nguo yao ya sanyan, vazi la heshima arusini. Nani atawaambia kwamba wameazima?

Kabla ya Vita ya 1914 Wajerumani waliuona mfuko huo huko Bukoba wakauhesabu mali. Sisi tuliuhesabu uchafu wa mtini.

Hatudai kwamba Wanyakyusa walipata kufuma hariri. Wazee wao walivaa magome ya miti, na utamaduni hauhitaji kusingiziwa. Lakini mtu na aende Matema, sokoni Lyulilo, aitazame mitungi ya akina mama wa Kikisi iletwayo kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Udongo uko kila mahali. Mtungi uko pale kwa sababu mama alimfundisha binti. Kilichotukosa ni mkono uliofundishwa, wala si kiwavi. Kakamega na Mwingi, nchini Kenya, wanavijiji walifundishwa katika karne hii, na nguo ikapatikana.

Tunawaogopa pia watakaosikia bei wakakimbilia porini na magunia. Avunaye mfuko kabla nondo hawajatoka amekula mbegu.

Mwalimu wa Ipinda ana mto jirani. Awapeleke wanafunzi wautafute mti huo kabla haujawa kuni. Na wakiuona mfuko, wasiushike kwa mikono mitupu, maana manyoya yake huwasha siku nzima.