Si Theluji, ni Mvua ya Mawe!

Leo nina ugomvi na neno moja tu. Neno lenyewe ni theluji.

Kila mara mvua ya mawe inapoanguka hapa kwetu na uwanja ukageuka mweupe pe, vifijo husikika mabwenini: "Njooni muone theluji!" Wengine huokota vijiwe wakatia mdomoni, wengine wakarushiana kama watu wa kwenye filamu. Sikatai, yapendeza macho. Lakini jamani, hiyo si theluji, na kosa hilo si la msamiati peke yake.

Kwanza kabisa, tutofautishe mambo. Theluji ni chembe laini za barafu zinazoumbika mawinguni na kushuka polepole katika hewa baridi mpaka chini. Hapa Kenya mwendee juu Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199. Kericho na Bomet ziko kwenye mita 2,000 hivi. Ni baridi ya sweta, si ya theluji. Mvua ya mawe ni kitu kingine. Mchana jua hupasha ardhi joto, upepo wa Ziwa Victoria ukapanda huku na kukutana na ule utokao mashariki. Hewa huinuka kwa nguvu, ikabeba matone ya maji hadi juu kabisa yanakoganda, yakaongezeka unene, kisha yakaporomoka. Ndiyo maana mawe yetu huja alasiri, tukiwa tunangoja kengele ya michezo. Nayo sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri ya Januari inayounguza majani chai mabondeni, ni jambo la tatu.

Pili, sisi si wageni katika habari hii. Wataalamu huitaja nchi yetu ya chai miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege zilirushwa huku kutia dawa ya madini ya fedha mawinguni ili kupunguza mawe. Mwanasayansi Russell Schnell alichunguza majani makavu yaliyooza chini ya michai yetu, akaeleza katika utafiti uliochapishwa mwaka 1982 kwamba vumbi lake husaidia maji kuganda upesi. Yaani huenda nyayo za wachumaji zikarusha juu kile kinachowarudia kichwani! Mambo makubwa kama haya yako nyuma ya darasa letu, nasi insha zetu zimejaa theluji ya London.

Tatu, na hapa ndipo penye uchungu. Theluji ni neno la furaha na la picha. Mnamo Septemba 2008, huko Busara karibu na Nyahururu, mteremko mzima wa kilima ulifunikwa na barafu. Watu walimiminika kuitazama wakidhani ni theluji, kumbe ni mawe yaliyogandamana. Ukisikia "theluji" unauliza, "Ilikuwa nzuri?" Ukisikia "mvua ya mawe" unauliza, "Shamba la nani limepigwa?" Swali hilo la pili ndilo letu. Kuanzia Litein hadi Konoin, mchumaji hulipwa kwa kilo, naye mkulima mdogo hupeleka majani mawili na chipukizi kituoni. Mawe ya dakika kumi yakichanachana michai, hakuna cha kupimwa kwenye mizani kwa majuma kadhaa. Wenzetu wangapi wametumwa nyumbani kuleta karo baada ya alasiri kama hiyo? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Najua kuna mtakaosema, "Wacha wewe, hata ukiiita sukari, mawe yataanguka tu." Kweli, jina halizuii mawe. Lakini jambo lisilotajwa kwa jina lake haliandikwi, na lisiloandikwa halina wa kulitetea. Mkulima akienda kuomba msaada au bima ataulizwa: lini, wapi, kwa muda gani? Atajibu nini ikiwa hata sisi tuliosoma tulikuwa tunashangilia?

Basi napendekeza hivi. Chama chetu cha Kiswahili kishirikiane na wale wa Jiografia, tuweke daftari moja. Kila mawe yanapoanguka, mwanafunzi wa zamu aandike tarehe, saa, muda, na ukubwa: kama punje ya hindi, kama haragwe, au kama yai la kwale. Kazi hiyo haihitaji mashine. Yahitaji kalamu na uaminifu. Baada ya miaka michache tutakuwa na kumbukumbu ya kumwonyesha afisa wa kilimo, tena kwa Kiswahili sanifu.

Dalili ya mvua ni mawingu. Alasiri wingu jeusi likitanda tena upande wa Mau, shime wenzangu, tusikimbilie kushangilia. Tulichukue daftari.