Hesabu ya Nyumba Isifichwe Mtoto

Leo tuzungumze juu ya fedha ya nyumbani, na juu ya yule mwana au binti wa miaka 13 aliyetoka shule ya msingi juzi. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za umma katika nchi yetu hazitozi ada, lakini sekondari hulipiwa. Basi ni katika umri huo hasa mtoto huanza kusikia kwamba yeye ni gharama. Anarudishwa kutoka shuleni, anamwuliza babaye, naye baba anajibu kwa ukali: “Hayo si mambo yako.” Je, si mambo yake? Ni nani basi aliyetolewa darasani?

Twawaficha watoto hesabu ya nyumba kwa sababu ya haya. Mzazi hapendi kuonekana maskini mbele ya mwanawe. Lakini mtoto asiyejua kwamba fedha haipo hudhani kwamba upendo ndio haupo. Hujitafutia maelezo yake mwenyewe, na mara nyingi hujitafutia fedha pia, kwa njia ambazo wazazi watazijua wakati umekwisha kupita.

Neno uchumi latoka katika kuchuma. Nalo neno la Kiyunani ambalo Wazungu walilifanya jina la elimu hiyo maana yake ilikuwa utunzaji wa nyumba. Msidhani, basi, kwamba ni elimu ya mabenki na mawaziri peke yao. Huanzia jikoni, na kwetu Bagira huanzia kwenye makala ya kupikia.

Mtazameni mama anunuaye makala kwa mafungu. Bei hugeuka kila mara, kwa hiyo naweka hesabu ya mfano tu. Tuseme gunia ni faranga 80,000, na muuzaji hutoa humo mafungu 110, kila fungu faranga 1,000. Mpeni mtoto karatasi na kalamu. Ataona kwamba anunuaye kidogo kidogo amelipa faranga 110,000 kwa gunia lile lile; yaani mwenye kukosa ndiye alipaye zaidi. Atauliza mara: “Mama, kwa nini basi hatununui gunia?” Msimkatize, kwa kuwa swali hilo lina nusu ya elimu yote. Mjibuni kwa kweli: faranga 80,000 hazipatikani kwa siku moja katika nyumba inayokula jioni kile ilichopata asubuhi. Hapo atajua maana ya mtaji, bila kukariri maneno ya kitabu. Ajue pia kwamba zile faranga 30,000 si wizi wa muuzaji. Amelipa fedha zake kabla ya kuuza fungu hata moja. Gunia limepandishwa mlima mgongoni mwa mtu. Ameketi juani na mvuani. Na vumbi lililobaki chini halimwingizii kitu.

Kisha mwelezeni likirimba. Akina mama kumi, kila mmoja hutoa faranga 8,000 kwa juma, na kila juma mmoja wao hupokea 80,000. Fedha haikuongezeka hata senti, lakini gunia lililoshindikana limenunuliwa! Mimi nasema akina mama wa mtaa wetu wastahili kuitwa walimu kwa jambo hili. Mwulizeni mtoto: ni nani apokee kwanza? Wa kwanza amekopeshwa na wenzake tisa, wa mwisho amewakopesha wote. Na yule wa kwanza akihama usiku? Hapo ataelewa kwa nini hawamwingizi mtu ambaye mlango wa nyumba yake haujulikani. Lakini lipo neno lingine lililo gumu zaidi. Ikiwa katika majuma hayo kumi gunia limepanda hata kufika 90,000, wa mwisho hupokea 80,000 zake kamili, na gunia halipati. Hakuna aliyemwibia, hata hivyo amepungukiwa. Ndiyo maana wengi mjini hupenda kuhesabu akiba kwa dola.

Kuhusu dola, yafaa babu au nyanya aitwe barazani. Oktoba 1993 Serikali ilitoa zaire mpya, moja kwa zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 ikaja faranga, moja kwa zaire mpya 100,000. Mtoto na azidishe mwenyewe: faranga moja ya siku ile ilimeza zaire za zamani bilioni 300. Mzee aliyekuwa ameweka akiba chini ya godoro ataeleza habari hizo vizuri kuliko mwalimu yeyote. Na faranga nayo imeshuka, hata dola moja yahitaji faranga zaidi ya elfu mbili. Mtoto aulizwe pia kwa nini dola yenye mpasuko mdogo hukataliwa dukani, hali faranga iliyochakaa kama kitambaa cha jikoni hupokewa. Mwenye duka haogopi ule mpasuko. Aogopa kwamba mtu wa pili ataikataa. Thamani ya noti hukaa katika mkono utakaoipokea.

Februari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia Bukavu, mabenki yalifunga milango, na watu wakaona kwamba fedha iliyoandikwa kitabuni na fedha iliyo mkononi si kitu kimoja. Watoto wetu waliona hayo kwa macho yao. Ni wangapi walioelezwa?

Kuna wazazi wanaosema mtoto akijua ataeneza siri mtaani. Mwambieni kwamba ni siri ya nyumba. Wa miaka 13 huweza kutunza siri kuliko wajomba wengine. Jumamosi jioni leteni daftari. Mtoto aandike kilichoingia na kilichotoka, nanyi mseme kweli. Mkabidhini pia kitu kimoja, kwa mfano sabuni na chumvi za juma zima. Akibakiza, kibaki chake. Ikimwishia Alhamisi, msimwongeze, bali akae na wenzake bila sabuni hadi Jumamosi.

Nadhani kinachotuogopesha zaidi si majirani, bali daftari lenyewe. Katika Bagira hii, iliyojulikana miaka mingi kwa kiwanda chake cha bia, sina haja ya kutaja ni mstari gani ambao baba hatapenda usomwe kwa sauti. Mtoto atausoma. Atanyamaza kidogo, kisha atalinganisha jumla yake na ada ya sekondari, kwa kuwa hesabu hiyo amekwisha kufundishwa.