Shahada ya Historia Si Anasa

Kila mwaka, vijana wetu wanapomaliza Kidato cha Sita na kutafuta nafasi katika Chuo Kikuu, swali moja husikika katika nyumba za wafanyakazi: "Mwanangu, hiyo historia itakupa kazi gani?" Hatuwalaumu wazazi wanaouliza hivyo. Aliyejinyima ili mwanawe asome ana haki ya kuuliza matunda ya jasho lake. Lakini swali hilo lina jibu, nalo yafaa lisemwe waziwazi.

Chuo Kikuu chetu cha kwanza kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, ndani ya jengo la TANU, Dar es Salaam. Kilipohamia Mlimani mwaka 1964, Idara ya Historia chini ya Profesa Terence Ranger ilikuwa na kazi kubwa mbele yake. Vitabu vya mkoloni vilikuwa vimewafundisha watoto wetu kwamba habari za nchi hii zinaanza siku Mzungu alipotia mguu pwani.

Mwaka 1968 wanafunzi wa Idara hiyo walipelekwa vijijini kuwauliza wazee habari za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Majalada ya Kijerumani yalizungumza juu ya washenzi waliodanganywa na mganga. Wazee wa Umatumbi walizungumza juu ya pamba ya kulazimishwa, viboko na kodi. Wakaeleza jinsi miche ya pamba ilivyong'olewa Nandete. Vijana wale waliyapima maneno ya pande zote mbili. Hiyo ndiyo kazi ya mwanahistoria: kuuliza nani aliandika, lini, kwa faida ya nani, na ni nani ambaye hakuulizwa.

Nanyi wafanyakazi mna sehemu yenu. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma. Mgomo ukafuata reli mpaka bara, na nyongeza ya mshahara ikapatikana. Habari hizo tunazo leo kwa sababu John Iliffe, aliyefundisha Mlimani, aliona kwamba makuli nao wanastahili kuandikiwa historia.

Basi kijana aliyefundishwa hivyo atafanya kazi gani? Atafundisha, na walimu wanahitajika, maana tangu 2024 Historia ya Tanzania na Maadili imeingia mashuleni kuwa somo la lazima. Atatunza nyaraka, ataandika magazetini, atatumikia ofisi za umma. Popote atakapokaa, hatapokea uvumi kama ushahidi. Nchi isiyo na watu wa namna hiyo hudanganywa kwa urahisi.

Hata hivyo, tusidai kwamba historia ituimbie sifa. Watafiti waliokuja baadaye wameonyesha kwamba si kila kabila liliingia katika Maji Maji kwa sababu moja, na kwamba wako waliopigana upande wa Wajerumani. Ukweli huo haupunguzi ushujaa wa waliokufa. Mwanafunzi anayeogopa kuandika neno lisilotupendeza sisi viongozi na wahariri amerudia kosa la karani wa mkoloni, kwa bendera nyingine tu.

Jambo moja halingoji. Wanafunzi wa 1968 waliwakuta wazee walioiona vita kwa macho yao. Kama wangechelewa miaka ishirini, wangekuta makaburi. Sisi nasi tumo katika saa hiyohiyo. Aliyekuwa na miaka ishirini siku ya Uhuru amekwisha kupita themanini, na aliyegoma bandarini mwaka 1947, kama yu hai, anakaribia mia. Kila msiba wa mzee mmoja huzika jalada ambalo halina nakala.

Kwa hiyo twawaomba wazazi wasimzuie kijana mwenye wito wa somo hili. Twawaomba vijana, wakati wa likizo, wakae na wazee wao na kuandika wanayosikia. Na matawi ya chama na ya vyama vya wafanyakazi yafungue makabati yao: kadi, mihtasari ya mikutano na picha zinazoliwa na mchwa zipelekwe panapotunzwa nyaraka. Tukishindwa kufanya hayo, tusishangae siku watoto wetu watakapokwenda kuulizia habari zetu Berlin na London.